Mtoto Ana Hofu, Mtaalamu Yuko Kwenye Simu: Maswali ya Wazazi

Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe anaweza kutibiwa hofu kwa njia ya mtandao, kitu cha kwanza anachokifikiria ni simu. Ni simu ya nani, itakula bando kiasi gani, na huyo aliye upande wa pili ni nani hasa. Ni maswali ya haki, na yamejibiwa hapa chini. Lakini liko moja ambalo wachache huliuliza, nalo ndilo mara nyingi linaloamua kama tiba itashika au la: mimi mzazi nitatakiwa kubadilisha nini? Majibu mengi yanayofuata yataturudisha hapo, hata pale swali lilipoanza na jambo jingine kabisa.

Nitajuaje kama si hofu ya kawaida ya ujana?

Kila mwanafunzi wa kidato cha nne anaogopa mtihani, na hofu hiyo ina faida yake, maana ndiyo inayomtoa kitandani alfajiri akasome. Inakuwa ugonjwa pale inapoanza kumpangia maisha. Siku ya kusoma mbele ya darasa haendi shule. Hawezi kula watu wakimtazama. Anaomba asitumwe dukani. Anakuamsha usiku kuuliza kama baba amefika salama, na ukimjibu anauliza tena. Na hayo yamekaa miezi, si siku mbili tatu.

Kwetu, hofu mara nyingi hufika zahanati kwa jina jingine. Tumbo linauma kila Jumatatu asubuhi, moyo unakwenda mbio, viganja vinatoka jasho, pumzi haitoshi. Mtoto anapimwa malaria, anapimwa taifodi, anapewa dawa za vidonda vya tumbo, na hali inabaki vilevile. Maumivu hayo hayabuni. Mwili ukiamini kuna hatari humwaga homoni zinazoharakisha moyo na kuvuruga kazi ya tumbo, hata kama hatari yenyewe ni mwalimu wa hesabu tu. Vipimo vifanywe, kwa sababu upungufu wa damu, pumu na matatizo ya tezi ya shingo navyo huleta dalili za namna hii. Vikitoka safi, usimwambie mtoto kwamba hana kitu.

Wala hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwagusa vijana wa miaka 10 hadi 17. Asilimia 44.3 walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili ndani ya mwaka mmoja, na asilimia 12.2 walifikia kiwango cha ugonjwa kamili. Wasiwasi ndio ulioongoza orodha.

Tiba yenyewe ya mtandaoni ni kitu gani?

Watu huita kwa jina hilo vitu vitatu visivyofanana. Cha kwanza ni mazungumzo ya moja kwa moja kwa video au kwa sauti, saa ileile kila wiki, na mwanasaikolojia au mshauri nasaha. Cha pili ni programu yenye masomo yaliyopangwa. Kijana anafanya somo moja kwa wiki, anaandika majibu na mazoezi yake, na mtaalamu anayasoma kisha anamwandikia au kumpigia. Cha tatu ni programu isiyo na mtu yeyote nyuma yake. Kabla ya kutoa hela, uliza unauziwa kipi.

Njia inayotumika zaidi kwa hofu ni ile iitwayo tiba ya utambuzi na tabia. Msingi wake ni rahisi kuueleza na mgumu kuutenda: hofu hulishwa na kukwepa. Kila mtoto anapokwepa, anapata nafuu ya muda mfupi, na ubongo wake unajifunza kwamba kukwepa ndiko kulikomwokoa. Kesho hofu inarudi imenenepa. Dawa yake ni kulikabili jambo lenyewe kidogo kidogo, na kukaa nalo mpaka mwili ugundue kwamba hakuna kilichotokea.

Tuchukue mfano wa msichana wa kidato cha pili anayeogopa kuongea na watu. Yeye na mtaalamu wake wanaandika orodha ya hatua, kutoka nyepesi hadi nzito, na kila hatua anaipa alama ya hofu kuanzia 0 hadi 10. Kumtumia shangazi ujumbe wa sauti badala ya kumwandikia: 2. Kwenda gengeni kuuliza bei ya nyanya na kuondoka bila kununua: 4. Kupiga simu duka la dawa kuuliza wanafunga saa ngapi: 5. Kumrudishia muuza chipsi sahani na kumwambia hakuomba pilipili: 7. Kunyoosha mkono darasani wakati hana uhakika wa jibu: 8. Kusoma tangazo mbele ya shule nzima mstarini asubuhi: 10.

Kabla ya kila hatua anaandika anachotabiri. Kwa mfano: "Mama wa genge atanikasirikia, watu watanicheka." Akirudi anaandika kilichotokea: mama wa genge alitaja bei bila hata kuinua kichwa, akaendelea kupanga vitunguu. Hatua hiyo anairudia siku ya pili na ya tatu, kwenye genge lilelile na kwenye mengine, hadi ile 4 ishuke ikawa 1. Ndipo anasogea mbele. Mtaalamu anayasoma hayo kwenye simu jioni, lakini kazi imefanyika gengeni. Mzazi anayedhani kwamba mwanawe "anatibiwa na simu" amekosea mahali pa kutazama, na mtoto anayemaliza masomo yote bila kutoka nje ya geti hajatibiwa.

Inasaidia kweli, au ni biashara ya mjini?

Kwa hofu za vijana, ushahidi upo na ni mzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Huko Queensland, Australia, Susan Spence na wenzake walitengeneza programu iitwayo BRAVE. Mwaka 2011 walichapisha matokeo ya vijana 115 wenye umri wa miaka 12 hadi 18, wengine wakitibiwa kliniki na wengine mtandaoni. Baada ya miezi 12, kati ya waliomaliza, asilimia 78 ya wale wa mtandaoni hawakuwa tena na ugonjwa wao mkuu wa hofu. Wa kliniki walikuwa karibu asilimia 81. Tofauti hiyo ni ndogo mno kumfanya mzazi wa Mtwara apande basi kila wiki.

Utafiti wa Stockholm, Sweden, wa mwaka 2021 naupenda zaidi, kwa sababu ulijibu swali gumu zaidi. Watoto na vijana 103 wa miaka 10 hadi 17 waliokuwa wakiogopa watu waligawanywa makundi mawili, yote mtandaoni, yote kwa wiki 10, yote na mtaalamu. Kundi moja lilipewa mazoezi ya kuikabili hofu. Jingine lilisikilizwa na kutiwa moyo. Waliofanya mazoezi walipata nafuu kubwa zaidi. Kwa hiyo maneno mazuri hayatoshi, na kama mtaalamu wa mwanao anampa pole tu wiki baada ya wiki bila zoezi lolote, una haki ya kuuliza kwa nini. Tena kwenye programu hiyo ya Sweden wazazi walikuwa na masomo yao matano ya peke yao. Hawakukaa nje wakisubiri.

Na hapa kwetu? Nchini Kenya, Tom Osborn na wenzake wa Taasisi ya Shamiri walijaribu kitu tofauti. Vijana wa kawaida, si wataalamu, waliendesha vikao vinne vya vikundi katika shule za sekondari. Katika utafiti wa wanafunzi 413 uliochapishwa 2021, huzuni na wasiwasi vyote vilipungua. Kabla ya hapo, mwaka 2020, walichapisha jaribio la somo moja tu la kwenye kompyuta kwa wanafunzi 103. Huzuni ilipungua, lakini wasiwasi haukuonyesha tofauti na kundi la kulinganisha. Nadhani si ajabu. Kwa hofu, somo la kukaa mara moja mbele ya kioo haliwezi kushika nafasi ya kurudi gengeni mara kumi.

Programu isiyo na mtu nyuma yake ina tatizo moja kubwa, nalo ni kwamba watu huiacha njiani. Hata simu ya dakika kumi na tano kwa wiki kutoka kwa mtu anayemjua mtoto kwa jina huleta tofauti.

Simu ndiyo iliyomharibu. Leo nimpe simu iwe dawa?

Hoja hii ina uzito, na mtaalamu anayeicheka hajalea. Lakini saa moja ya kikao chenye kazi mbili za kufanya kabla ya Alhamisi si sawa na saa tano za kutazama video usiku wa manane. Weka sharti: simu inatolewa kwa kikao na kwa kuandika mazoezi, kisha inarudi mezani. Inayofaa kuogopwa zaidi ni simu ya saa saba usiku chini ya shuka, kwa sababu usingizi ukikatika wasiwasi hupanda. Hiyo izuie kwa nguvu zako zote, tiba iwepo isiwepo.

Kwa nini anafunga mlango? Anamweleza nini mtu baki?

Hapa ndipo wazazi wengi huumia, na ndipo wengine huivunja tiba ikiwa changa. Wako wanaosikiliza dirishani. Wako wanaofungua WhatsApp ya mtoto usiku wakasoma mazungumzo yote, kisha asubuhi wakamuuliza, "Kwa hiyo mimi ndiye ninayekugombeza sana?" Kikao kinachofuata mtoto huyo ataongelea hali ya hewa.

Utaratibu mzuri hupangwa siku ya kwanza, mzazi, kijana na mtaalamu wakiwa pamoja kwenye simu. Mzazi ana haki ya kujua mtoto ana tatizo gani, mpango ni upi, vikao vingapi, anaendeleaje, na nyumbani afanye nini. Maneno ya mtoto yanabaki ya mtoto. Siri hiyo ina mipaka, na mtaalamu anapaswa kuitaja waziwazi mbele yenu wote: kijana akiwa hatarini kujidhuru au kudhuru mtu, au akiwa anatendewa ukatili, mtaalamu atasema na atachukua hatua. Asipoitaja, muulize.

Nyumba zetu nazo zina shida zake. Chumba kimoja, watu sita, ukuta wa mabati. Wengine hufanya kikao nyuma ya nyumba wakati wadogo wako shuleni, wengine kwa jirani anayeaminika, wengine ndani ya gari lililoegeshwa. Hedifoni ya bei rahisi huficha sauti ya mtaalamu, lakini haifichi ya mtoto, kwa hiyo wengi huzungumza kwa sauti na yale mazito wakayaandika. Kama simu ni ya mama, kubalianeni kwamba ujumbe wa mtaalamu unafutwa baada ya kusomwa, au unaingia kwenye akaunti yenye nywila ya mtoto.

Kisheria, taarifa za afya za mtoto si za kuchezea. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Ile ya Kenya inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata data za mtoto, ila imeacha mwanya kwa huduma ambazo kazi yake ni ushauri nasaha au ulinzi wa mtoto tu. Mwanya huo si wa bahati mbaya: kuna watoto ambao mtu wanayemwogopa ndiye angetakiwa kutia saini.

Faida moja ya mtandao husahaulika. Mama aliyeko Maskati kikazi, ambaye hajamwona mwanawe tangu aende, anaweza kuingia kwenye kikao cha wazazi sawasawa na bibi anayemlea mtoto huko Tanga. Kliniki ya kukaa kwenye benchi isingeweza kuwakutanisha.

Je, si jini? Si afadhali kisomo, au maombi?

Hakuna anayekutaka uchague. Familia nyingi huendelea na kisomo au maombi huku mtoto akifanya mazoezi yake, na mtaalamu mwenye busara hatagusa imani yenu. Kinachogomba ni mambo matatu: kumpiga au kumfungia, kumnyima chakula, na kumwambia kwamba hofu yake ni dhambi. Mtoto aliyekwisha kuogopa akiambiwa ana pepo, sasa ana vitu viwili vya kuogopa.

Gharama, bando na shule ya bweni

Bei hutofautiana sana, kwa hiyo uliza mapema kikao ni kiasi gani, ni dakika ngapi, na ukikatika kwa sababu ya mtandao au umeme mnafanyaje. Kikao cha sauti hula bando kidogo kuliko cha video. Kwa kijana anayeogopa kutazamwa, kuanza bila kamera si dosari, ingawa kuiwasha kutakuja kuwa moja ya hatua zake.

Kikwazo kikubwa kwa Kenya na Tanzania sidhani ni bando. Ni bweni. Shule nyingi za bweni hazitaki simu kabisa, na mtoto anayekutwa nayo anaweza kusimamishwa. Matokeo yake tiba inaanza likizo na kukatwa katikati. Zungumza na mwalimu wa malezi au matroni kabla muhula haujaanza, ukiwa na barua ya mtaalamu, muombe nusu saa kwa wiki kwenye ofisi na simu ya shule. Baadhi hukubali. Wakikataa, panga wiki za likizo zibebe hatua za nyumbani na mtaani, na zile za darasani mtoto aende nazo kwenye daftari, azifanye mwenyewe na kuandika.

Nitamjuaje tapeli?

Muulize jina kamili, amesomea wapi, nani anamsimamia, na amewahi kutibu vijana wangapi wenye hofu. Nchini Kenya sheria ya mwaka 2014 iliunda Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, na mshauri anapaswa kuwa amesajiliwa, kwa hiyo namba ya usajili ni swali la kawaida, si tusi. Kwingineko, mtu anayefanya kazi hospitali au chuo kinachojulikana ni rahisi kumthibitisha: piga simu huko. Anayeahidi kuponya kwa siku tatu, anayetaka malipo yote kabla, au anayemwambia mtoto asikwambie kitu chochote, achana naye.

Na zile programu za akili mnemba zinazojibu kama mtu? Vijana wengi tayari wanazungumza nazo, ujue au usijue. Zinaweza kufafanua hofu ni nini, lakini hazimjui mwanao, hazina leseni, na hakuna anayewajibika zikikosea. Tena kwa mtoto mwenye wasiwasi zina hatari yake mahsusi: anaweza kuziuliza swali lilelile mara hamsini usiku, nazo zitamjibu kwa upole mara zote hamsini. Huko ndiko kukwepa kulekule, sasa kwa maandishi.

Ni lini mtandao hautoshi?

Akisema anataka kufa, akijikata, akiacha kula, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akitumia dawa za kulevya, au akiwa anaumizwa nyumbani, usisubiri kikao cha Alhamisi. Mpeleke hospitali leo, na usimwache peke yake. Namba 116 ni ya simu kwa mtoto, bila malipo, Kenya na Tanzania, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe. Na tafadhali usimnunulie vidonge vya kutuliza au vya usingizi dukani kwa ushauri wa jirani. Vingine huleta uraibu haraka.

Mwanangu amekataa kabisa kuzungumza na mtu. Basi tena?

Hapana. Anza wewe.

Tazama siku moja ya kawaida. Mgeni anamuuliza jina, wewe unajibu: "Ana aibu huyu, anaitwa Neema." Dukani unamsemea. Anaogopa kulala peke yake, unahamia chumbani kwake. Anauliza mara ishirini kama utachelewa kurudi, unamjibu mara ishirini. Kila moja ya hizo ni huruma, na kila moja inamthibitishia kwamba kweli hawezi.

Eli Lebowitz wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alijenga tiba nzima juu ya jambo hili. Katika utafiti wa mwaka 2020, watoto 124 wa miaka 7 hadi 14 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitibiwa lenyewe. Katika jingine waliotibiwa ni wazazi pekee, wakifundishwa kupunguza kumsaidia mtoto akwepe. Makundi yote mawili yalipata nafuu inayolingana. Kwa hiyo kijana akifunga mlango, chukua vikao vile wewe. Mtaalamu wa mtandaoni anaweza kukufundisha hayo usiku, watoto wakiwa wamelala.

Chagua jambo moja tu, la kila siku. Mwambie mkiwa mmetulia, si katikati ya ugomvi: "Najua dukani unaogopa. Najua pia unaweza kuivumilia hiyo hofu. Kuanzia Jumatatu sitakusemea kwa muuzaji. Nitasimama pembeni yako." Sentensi ya kwanza inamheshimu, ya pili inamwamini. Wazazi wengi wa kwetu huruka ya kwanza, na wale wapole huruka ya pili. Kisha shika neno lako, hata kama mtarudi nyumbani bila sukari.

Siku za mwanzo atakasirika, pengine atalia palepale mbele za watu. Bibi atakulaumu kwamba unamtesa mjukuu wake. Kwa hiyo mweleze bibi mpango huo mapema, kabla ya Jumatatu, na baba pia, na dada wa kazi. Mmoja wao akiendelea kumsemea kwa kificho, mtoto atajua nani wa kumwendea.